Mama anaita jina la marehemu, naitika mimi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nina mume na watoto watatu. Kazi yangu ni dagaa. Nanunua mwaloni Kibirizi, naanika, nafunga magunia, napakia kwenye treni mpaka Tabora, na biashara ikichangamka mpaka Dar es Salaam. Barua ya namna hii sijawahi kuiandika, kwa hiyo nivumilie kama itakwenda mbele na kurudi nyuma.

Nilikuwa na rafiki. Nimwite Tatu, ingawa silo jina lake. Tulizaliwa mtaa mmoja Ujiji, nyumba yao na yetu zikitenganishwa na mchikichi mmoja. Madrasa tulianza siku moja, darasa la kwanza siku moja, na masikio tulitobolewa siku moja kwa sindano ileile; mimi nililia, yeye hakulia. Mtaani tulikuwa hatuna majina. Tulikuwa "wale wawili". Akitumwa mmoja chumvi, wanakwenda wawili na wanachelewa wawili.

Tatu alikuwa na kichekesho chake. Alikunja viganja viwili, akaviweka mdomoni, akatoa mlio wa honi ya Liemba, sawasawa kabisa, ule mlio mnene wa meli ikikaribia bandari. Watoto wadogo walikimbia kutazama meli ambayo haikuwepo. Siku moja mwalimu alitufundisha kwamba meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Tatu akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, samaki waliokuwa wamehamia ndani walipelekwa wapi?" Mwalimu alicheka mpaka akaketi.

Lakini alikuwa mtu wa kuumwa. Leo miguu, kesho mgongo, siku nyingine vidole. Macho yake yalikuwa na umanjano. Alikosa shule wiki nzima, kisha akarudi kama hakuna lililotokea. Mama yake alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja: asioge ziwani upepo ukichafuka. Sisi tuliona anambania tu, maana watoto wote wa Ujiji wanaoga ziwani.

Julai 1997 tulikuwa darasa la sita. Ni wakati ule watu walikuwa wamevuka ziwa kukimbia vita ya Zaire, na Kigoma ilikuwa imejaa wageni, watu wazima wana mambo yao, hakuna wa kutuangalia. Jioni moja nikamwambia twende tukaoge. Akasema leo hapana, upepo. Nikamwambia anaogopa maji kama paka. Akaja. Maji yalikuwa ya baridi, tukatoka tunagongana meno, tukakaa juu ya jiwe letu mpaka giza. Usiku ule ule alianza kulia maumivu. Siku ya tatu akafariki. Alikuwa na miaka 13.

Msibani hakuna aliyeniuliza neno. Kina mama walikaa mkekani na mama yake, mimi na wasichana wenzangu tulitumwa maji na kuosha masufuria. Makaburini walikwenda wanaume. Wiki iliyofuata tulirudi darasani, mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, na jina lake lilikuwa bado halijakatwa. Akaliita. Darasa zima likanigeukia mimi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kliniki na mimba ya mwanangu wa pili, muuguzi alitufundisha habari za selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akataja maumivu ya mifupa, akataja macho ya manjano, akataja kwamba baridi inaweza kuamsha maumivu. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye mchanga.

Sasa mama yake. Anakaribia miaka 80. Tangu niolewe sijaacha kumtembelea: dagaa kidogo, mawese, sukari Ramadhani ikikaribia. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawatoki, kwa sababu taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, kwa hiyo siku hizo mimi hupata nafasi ya kwenda Ujiji. Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nilikaa miezi mitatu bila kazi ya maana, nikawa nakwenda karibu kila siku. Hapo ndipo nilipoona kwamba mama anasahau. Chumvi anatia mara tatu. Bei ya mchele akiambiwa anadhani anaibiwa. Jioni moja nilipiga hodi, akaniangalia akasema, "Tatu, mbona umechelewa?"

Nikaitika, "Abee, mama." Ilinitoka tu.

Tangu siku ile, jua likianza kuzama, mimi ni Tatu. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza ya shule, nami namjibu ya shule. Nikiaga ananiambia, "Usipite ziwani, upepo umechafuka." Namwambia, "Sipiti, mama." Kisha nalia kwenye daladala mpaka Mwanga. Asubuhi nyingine ananijua vizuri kabisa, anataja jina langu na la mume wangu, na siku hizo Tatu hamtaji.

Desemba alikuja binti yake mkubwa anayeishi Dar es Salaam. Alikaa wiki mbili. Kila asubuhi mama alimuuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, atakaa siku ngapi. Siku moja nikaingia, mama akaita "Tatu!", nikaitika, na Dada akatoka akaenda uani. Alinifuata njiani akaniambia namdanganya mzee, uongo ni dhambi, nachezea jina la marehemu wao, na kama ni nyumba naitaka basi niseme. Tangu hapo simu zangu hapokei. Majirani nao wameanza: wanasema bibi anazungumza na mizimu, na mimi ndiye ninayemletea.

Mume wangu si mtu mbaya, ila ameniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwani rafiki wa utotoni analiliwa miaka mingapi?"

Ni wiki ya tatu sijakwenda Ujiji. Mama anakaa na binti mmoja wa kaka yake, najua anakula, najua analala. Lakini Shangazi, nifanyeje? Niendelee kuitika? Au nimwambie kila anapouliza kwamba Tatu alishafariki? Na lile la ziwani, nimwambie asubuhi moja akili zikiwa zimetulia, kabla hazijaondoka zote?

Kuna jingine naona haya kuliandika. Nikiitwa Tatu, nafurahi. Na wakati huohuo sauti yake mwenyewe inanipotea. Zamani nikimkumbuka nilimsikia yeye. Sasa namsikia mama yake akiniita mimi.

Mama Dagaa, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo matatu waziwazi, la nne ukalifunga kwenye pindo la khanga ukanipa mwishoni. Nitafika huko. Kwanza niseme nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea: mwanamke aliyekulea nusu kwa nusu anapoteza kumbukumbu, na katika kupoteza huko amekupa jina la mtoto wake. Wewe umelipokea. Dada wa marehemu anaona umelichukua. Na chini ya yote kuna jioni moja ya Julai ambayo hujamsimulia mtu kwa miaka hii yote.

Naanza na mumeo, maana swali lake, ingawa limekuuma, ni swali zuri kuliko alivyolidhania. Kwetu kila mtu ana nafasi yake msibani. Mjane ana eda yake. Mzazi hupewa pole na mkeka. Ndugu huitwa kwenye kikao. Hata watani wana kazi, wanakuja kuchekesha waliolia na hakuna anayewafukuza. Rafiki, tena wa miaka 13, anatumwa maji. Wewe uliosha masufuria ya msiba wako mwenyewe. Hukupelekwa kaburini, hukuulizwa umeona nini, na nadhani hakuna hata mtu mmoja aliyekushika mkono akakwambia pole. Basi nakupa mimi: pole sana, mwanangu, kwa kufiwa na rafiki yako. Imechelewa, lakini ni pole ya 1997 na siyo ya leo. Kwa hiyo mumeo akikuuliza tena ni miaka mingapi, unaweza kumwambia kwamba hujui, kwa sababu hata kuanza hukupewa nafasi ya kuanza.

Sasa "abee".

Mimi ni mtoto wa Tabora, na nilipokuwa msichana tulikuwa tunaitika kwa mama yeyote aliyeita, hata kama jina aliloliita halikuwa letu. Mama wa jirani mwenye watoto tisa alipanga majina yao yote kwa hasira mpaka akamfikia anayemtaka, na aliyekuwa karibu ndiye aliyesema abee akaenda kuchukua ndoo. Abee si jina. Haisemi mimi ni fulani. Inasema nimekusikia, mama, nipo. Kwa hiyo sina hakika kama ulidanganya jioni ile ya kwanza. Alitaka kujua kama kuna binti mlangoni, na binti alikuwepo.

Lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulipomwambia habari za shule, ulivuka kitu, na nadhani ulijua, ndiyo maana umeyataja yote mawili katika mstari mmoja na kupita haraka. Kati ya kuitika na kusema "leo tumefundishwa hesabu" kuna nafasi kubwa, na humo ndimo unamoweza kutembea. Kuhusu dhambi, hilo silo langu. Muulize ustadhi unayemheshimu, lakini umsimulie yote, na si nusu kama alivyoiona Dada.

Ungependa kujua kama umwambie kila mara kwamba Tatu hayupo. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuamini ndio ukweli na heshima. Hatari yake ni kwamba mtu mwenye ugonjwa wa kusahau hapokei habari ile kama kumbukumbu. Anaipokea kama taarifa. Anafiwa upya saa kumi na mbili jioni, na kesho yake saa kumi na mbili anafiwa tena, na wewe ndiye mleta taarifa kila siku. Na kuna jambo gumu zaidi: maneno yanaweza kumtoka baada ya dakika kumi, huzuni ikabaki bila yeye kujua imetoka wapi. Kwa upande mwingine, kuendelea kuwa Tatu nako kuna hatari. Asubuhi anakujua, umesema. Je, akikukuta katikati, akili zikirudi huku wewe ukiwa bado unasimulia ya shule? Anaweza kujiona amechezewa.

Njia ya tatu ipo, ila haiko rahisi kila siku. Ni kujibu kilichomo ndani ya swali na kuliacha jina lilivyo. Akisema "Tatu, umekula?", unaweza kusema, "Nimekula, mama, na wewe je?" Hapo hakuna uongo hata punje. Akiuliza ya shule, unaweza kumgeuzia: "Mama, Tatu shuleni alikuwaje?" Huenda akaanza kusimulia. Huenda pia akakukazia macho akauliza, "Kwani wewe nani?" Ujiandae kwa siku hiyo. Na kama atakuuliza uso kwa uso, "Tatu amekufa?", sikushauri umkatalie, mama anayeuliza hivyo mara nyingi jibu analo tayari. Kaa naye tu, ushike mkono wake.

Nimeona kitu kingine katika barua yako: yote haya hutokea jua likizama. Wengi wenye ugonjwa huu huchanganyikiwa zaidi jioni, mwanga ukififia na mwili ukiwa umechoka. Jaribu kwenda asubuhi. Utampata mwanamke anayekujua kwa jina lako. Lakini nakuuliza kwa upole, na usinijibu haraka: unapendelea jioni? Umesema mbalamwezi ndiyo inayokupa nafasi, sawa, lakini mwezi haukuzuii kwenda saa tatu asubuhi.

Halafu, je, amewahi kuonwa na daktari? Hukutaja. Kusahau kwa uzeeni si lazima kuwe ugonjwa mmoja usio na dawa. Maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumvuruga mzee akili kwa siku chache tu. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, shinikizo la damu, dawa zinazogongana, hata masikio na macho yaliyofifia, vyote huleta mkanganyiko, na baadhi hutibika. Mpeleke, na yule binti anayekaa naye aende pia, kwa sababu yeye ndiye anayeuona usiku.

Na karatasi ya daktari ina kazi nyingine. Hayo maneno ya majirani kuhusu mizimu yamenitia ubaridi kuliko sehemu yoyote ya barua yako. Huku kwetu magharibi sote tunajua yaliyowapata vikongwe kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya uani. Mwambie mjumbe, waambie kina mama wawili watatu wenye busara mtaani: huyu ni mgonjwa, ugonjwa wake una jina, anatibiwa. Usingoje Dada arudi ndipo useme. Katika yote niliyoandika, hili peke yake ndilo ninalokusukuma.

Nije kwa Dada. Umeandika kana kwamba amekukasirikia kwa sababu umeitika. Rudia kuisoma barua yako mwenyewe, pale unaposema mama alimuuliza kila asubuhi atakaa siku ngapi. Umepita hapo kama mtu anayeruka dimbwi. Huyu ni binti wa kumzaa, amesafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja kumwona mama yake, na mama anamkaribisha kama mpangaji. Kisha jina la mdogo wake aliyekufa linaitwa kwa furaha, na mwenye kuitika si yeye. Wewe umeitwa kwa jina la maiti na ukafurahi. Yeye yuko hai na hakuitwa kwa jina lolote. Ningekuwa yeye, na mimi ningekwenda uani.

Hilo la nyumba ni maneno ya mtu aliyeumizwa akashika jiwe lililokuwa karibu. Rafiki harithi, kila mtu analijua hilo, na yeye analijua. Ukitaka kulizima, waambie wazee wao mbele yake kwamba huna dai lolote. Lakini usianze na hapo. Ukianza kwa kujitetea kuhusu nyumba, mtaishia kuongea habari za nyumba. Kama hapokei simu, mtumie ujumbe wa sauti. Mfupi. Unaweza kumwambia ulimwona akitoka kwenda uani, na kwamba ulipaswa kumfuata wewe, badala yake akakufuata yeye. Unaweza kumuomba akusimulie Tatu wake. Alikuwa dada mkubwa; alimbeba mgongoni kabla wewe hujajua kutembea. Anayo mambo ambayo wewe huna, na wewe unayo mambo ambayo yeye hana. Hatari ni kwamba atanyamaza, au atakujibu vibaya. Inawezekana. Amefiwa na mdogo wake na sasa anafiwa na mama yake polepole, wala hana wajibu wa kuwa mwema kwako.

Kuna sababu nyingine ya kuzungumza naye, kavu kidogo, nivumilie. Kama kweli Tatu alikuwa na selimundu, ugonjwa ule hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na ndugu zake wanaweza kuwa wamebeba vinasaba vyake bila kuumwa. Dada na wanawe wakipima hawapotezi kitu. Siku hizi kipimo kipo na zipo dawa za kupunguza maumivu yale kujirudia, ambazo mtoto wa Ujiji wa mwaka 1997 hakuzipata.

Nimesema "kama kweli". Angalia hapo. Wewe umejihukumu kwa somo la kliniki na kumbukumbu ya macho ya manjano. Huenda uko sahihi, dalili ulizozitaja zinafanana. Lakini hakupimwa, au hukuambiwa. Na hata ikiwa ndiyo, baridi huweza kuamsha maumivu, ni kweli, lakini hata malaria huyaamsha, hata kichomi, hata kukosa maji mwilini, hata uchovu, na mara nyingine huja yenyewe tu mtoto akiwa amelala kitandani. Alikuwa ameumwa mara ngapi kabla ya jioni ile bila kugusa ziwa? Umeandika mwenyewe: leo miguu, kesho mgongo. Siwezi kukwambia kwamba kuoga kule hakukuchangia kitu. Ningekwambia hivyo ungejua nakubembeleza. Ila na wewe huwezi kusimama ukasema ndiko kulikomuua, ingawa umelala na maneno hayo tangu siku ya kliniki.

Nadhani kinachokuuma kuliko maji ni yule paka. Ulimcheka naye akaja. Watoto wa miaka 13 ndivyo wanavyoitana, na siku mia nyingine ulimcheka hivyohivyo mkarudi nyumbani salama mkachapwa wote wawili.

Unataka kumwambia mama. Kabla ya hapo nikuulize: una hakika hajui? Mama wa Ujiji hahitaji kuambiwa mtoto ametoka ziwani. Anamnusa nywele. Anaona mchanga kwenye vifundo vya miguu. Mtoto wake alirudi jioni ya upepo, nguo mbichi, anatetemeka, na siku zote wale wawili huenda wawili. Inawezekana alijua usiku uleule. Inawezekana amekufungulia mlango miaka yote hii, akapokea mawese yako na dagaa zako, akijua. Sisemi ndivyo ilivyokuwa. Nasema tu kwamba hujawahi kuifikiria.

Ukimwambia sasa, kuna asubuhi atakayokuelewa na kukusamehe, na kuna asubuhi atakayosikia tu kwamba mtoto wake yuko majini. Hutajua ni ipi mpaka umeshasema. Unaweza kuchagua kumwambia. Mzigo ni wako na mama ni wako pia. Unaweza kumwambia Dada badala yake, siku mkifika huko, ingawa ni kumpa silaha na kutumaini hataitumia. Unaweza kumwambia mumeo leo usiku. Nimeona hujamwambia hata yeye, na huenda ndiyo maana anauliza miaka mingapi. Anadhani unamlilia rafiki, hajui unalilia na jioni.

Sasa la kwenye pindo la khanga.

Kufurahi kwako si aibu. Miaka yote hakuna aliyelitamka jina lile mbele yako, ghafla linatamkwa kwa upendo, nyumba ileile, mlango uleule. Tena unapata kuambiwa usipite ziwani, na safari hii unaitikia. Nani asingerudi kesho yake? Na ile siku ya daftari la mahudhurio, darasa zima lilipokugeukia, nina shaka uliondoka na deni la kuitika.

Ila umeona mwenyewe gharama yake, hukungoja nikwambie. Ukikaa jioni nyingi ukiwa Tatu, nani amebaki kuwa rafiki yake? Mama yake alimjua mtoto. Dada yake alimjua mdogo wake. Aliyeuliza samaki walipelekwa wapi, aliyecheza na watoto kwa meli ya uongo, aliyekataa kulia sindano ilipomwingia, huyo anaishi kwako wewe, na kwako uliye na jina lako na miaka yako 41. Wanao watatu wanajua habari zake? Jiwe lenu bado lipo, au maji yalilichukua ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021? Kama lipo, wapeleke. Kama limezama, wapeleke hivyohivyo, uwaonyeshe lilipokuwa.

Kuhusu wiki hizi tatu, sijui kama umepumzika au umekimbia. Labda yote mawili. Huna lazima ya kurudi kila siku. Mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa saa moja, mikono ikiwa na kazi, mnachambua dagaa pamoja, huenda kukatosha. Mikono ya mwanamke wa Ujiji haisahau kuchambua dagaa hata akisahau mwaka. Ukiona hata hiyo inakuvunja, mpe yule binti sukari apeleke, nawe ungoje. Utajua.

Ukirudi, nina jambo ninalotaka uniandikie. Hukusema kama Tatu alikufundisha ile honi ya Liemba. Kunja viganja, ujaribu kwanza jikoni kwako wanao wakisikia, halafu ujaribu mbele ya mama. Niambie alifanya nini.

Shangazi